Mpaka wa Kusini

Jalada lilipanda kutoka chini saa nne na robo,
kamba yake imeoza, nikalifunga kwa lastiki.
Bibi Annelore Rehbein alikuwa ameshaketi,
glavu nyeupe, miwani mbili,
na mti wa ukoo aliokuja nao kwa ndege
umekunjwa mara nane.
Matawi ya juu yamejaa majina.
Chini, kwenye shina, alama ya kuuliza.

Miaka kumi na tisa masijala imenifunza hili:
ukimtaka mtoto, fuata deni;
ukimtaka mke, tazama aliporithi.
Kijerumani cha ofisini nakijua, nilikiokotea humu humu.
Tukaanza.

1903. Gotthilf Rehbein, hekta arobaini, Mtoni, minazi.
1906. Gotthilf na Hedwig: jina la pili kwa wino mweusi zaidi.
Ndoa hiyo. Au fedha za kwao zimechimba kisima.
1909. Hekta kumi rehani, "kwa ajili ya mtoto mgonjwa."
Bibi Annelore akaweka kidole hapo, hakukiondoa.
Hakuwahi kusikia habari za mtoto mgonjwa.
Tukamtafuta. Mwaka wa pili yake rehani imekombolewa,
mtoto hatajwi tena.
1912. Ewald, mrithi. "Babu," alisema, kwa Kiswahili,
kana kwamba babu angeitika.
Kisha vita. Kisha mhuri wa wenye nchi wapya,
MALI YA ADUI, umepigwa upande,
kisha mnada, kisha Valji Premchand na nduguze,
na akina Rehbein wakatoka kitabuni
bila hata kufunga mlango.

Alilia kidogo. Nikamsogezea maji.
Aliyefiwa kafiwa, hata tanzia ichelewe miaka mia.

Lakini kazi yangu ni kurudisha kila karatasi mahali pake,
na ya mwisho ilikuwa ramani ya mpimaji.
Kaskazini: mto. Mashariki: njia ya misheni.
Magharibi: jiwe namba saba.
Kusini, kwa penseli, mwandiko wa haraka:
wenyeji wameulizwa shamba hili la nani,
wamejibu *Sikudschua*,
neno moja la Kiswahili limesongwa na Kijerumani chote,
kisha tafsiri: mwenyewe hajulikani.
Kisha: litwaliwe.

Penseli. Hata wino hawakutoa.

Nikasoma tena, taratibu,
kama barua iliyokosea nyumba miaka mingi na leo imebisha hodi.
Asiyejua husema sijui. Mtoto wa chekechea anajua hilo.
Sikujua ni mtu.
Sikujua binti Mwinyikambi,
aliyezaliwa mama yake akidhani umri umeshampita,
mwenye minazi sitini na miwili
na kila mmoja anaujua kwa tabia:
ule mchoyo, ule pacha, ule udondoshao usiku.
Alifia Mbagala, kwenye chumba cha watu,
akisimulia siku walipolitaja jina lake shambani,
akaitika, "Abee,"
na yule mwenye kalamu hakuinua kichwa.
Nyumbani tulikicheka kisa hiki.
Tulikifanya cha kuchangamshia sahani za pilau.

Leo hapo wamepanga makontena,
ya buluu juu ya ya kahawia. Hakuna hata kifuu.

Nilifungua kinywa nimwambie.
Feni ikazunguka. Alikuwa anakunja mti wake,
akiufuata mikunjo ya zamani, na mikono ilimtetema.
Nikampigia nakala kurasa kumi alizoomba
na moja ambayo hakuiomba.
Hiyo sikumtoza.

Mlangoni akatoa daftari.
Anataka kuandika shukrani, alisema, jina langu nani?
Nikamtajia, lile moja, la kurithi.
Akangoja, kalamu hewani,
akidhani bado sijamjibu.